Kesi ya Dawa Ikiahirishwa, Bill Inakuja Kwako: Venye Kalenda ya Korti Huamua Bei Kwa Chemist

Ingia chemist yoyote hapa Ziwani, ama shuka uende upande wa Kariokor ama Gikomba, uitishe azithromycin ya kifua. Msee wa kaunta atakuuliza swali moja: unataka original ama jeneriki? Unaangalia kwa mfuko, unaangalia salio ya M-Pesa, unachukua ile ya bei ya chini. Unameza, unapona, maisha inasonga.

Lakini hiyo dawa unaitisha kama unanunua mkate ilishawahi pelekwa kortini hapa hapa Nairobi. Kampuni kubwa ya Marekani ilishtaki kampuni ya Industrial Area, pale tu ng'ambo ya Jogoo Road, mahali nusu ya mtaa huenda asubuhi kutafuta kibarua. Swali lilikuwa nani ana ruhusa ya kuitengeneza. Wewe hukuitwa kama shahidi, lakini bei uliyolipa ilikuwa ndani ya hiyo faili.

Leo tuongee kuhusu hizi kesi. Na si ile stori ya "kampuni mbaya, maskini mzuri" pekee. Tuongee kuhusu kitu chenye media huruka: tarehe. Kesi inatajwa lini, inasikizwa lini, inaahirishwa hadi lini, na huku tukingoja, nani anaruhusiwa kuuza. Juu kwa mambo ya dawa, mtu anaweza kushinda kesi na bado apoteze, bora tu hukumu ichelewe vya kutosha.

Weka rada: patenti ni nini

Patenti, ama hataza kwa Kiswahili cha vitabu, ni karatasi ya serikali inayosema: huyu ndiye alivumbua hii kitu, na kwa miaka 20 kuanzia siku aliyopeleka maombi, hakuna mwingine wa kuitengeneza ama kuiuza bila ruhusa yake. Hapa Kenya sheria yake ni Industrial Property Act ya 2001. Ofisi yake ni KIPI, iko South C. Kampuni za nje pia hupitia ARIPO kule Harare, na patenti ya huko inashika nguvu hapa.

Sasa angalia hiyo 20 vizuri. Inaanza kuhesabiwa siku ya maombi, hata kabla dawa ijaribiwe kwa watu. Kufika wakati dawa inaingia sokoni, miaka mingi tayari imeenda. Kwa hivyo kwa kampuni yenye patenti, kila mwezi uliobaki ni doo. Na kwa kampuni inayotaka kutengeneza jeneriki, kila mwezi wa kungoja ni hasara. Weka hao wawili kwa chumba kimoja na jaji, na utaelewa mbona wanapigania tarehe kuliko kitu ingine yoyote.

Kitu ya pili: jeneriki si feki. Hii shika sana. Jeneriki ni dawa yenye kiungo kile kile, inaandikishwa na Pharmacy and Poisons Board, ila imetengenezwa na kampuni tofauti na ile ilivumbua. Feki ni chaki ndani ya pakiti yenye jina la mtu. Mtu akichanganya hizo mbili, ama hajui, ama ana sababu. Tutarudi hapo.

Pfizer na Cosmos: kesi ya azithro

Mwaka wa 2006, Pfizer walipeleka Cosmos mbele ya Industrial Property Tribunal. Hii Tribunal ni kama korti ndogo ya mambo ya patenti peke yake: chairman na members wanne. Faili ilikuwa namba 49 ya mwaka huo. Pfizer walikuwa na patenti ya ARIPO, AP 44, ya azithromycin dihydrate, wakiuza dawa yao kwa jina Zithromax. Cosmos walikuwa na yao, Zithrox. Hata jina linakuambia hao watu walikuwa wanapigania mteja mmoja.

Cosmos si kampuni ya uchochoroni. Ni watengenezaji wa dawa wa hapa Kenya, na kabla ya hii kesi walikuwa wameshapata leseni ya hiari kutoka GSK kutengeneza dawa za HIV. Kwa hivyo njia ya leseni walikuwa wanaijua. Kwa azithro hawakuwa nayo.

Utetezi wao uliegemea mlango mmoja ulioko kwa sheria yetu, kifungu cha 58(2). Huo mlango unasema ukiwa na bidhaa iliyouzwa kihalali nchi ingine, unaweza kuingiza Kenya bila kuomba ruhusa tena ya mwenye patenti. Ni kitu muhimu sana, na Kenya ilipigania sana kukiweka pale. Ila mlango wa kuingiza ni tofauti na mlango wa kutengeneza. Ukitaka kutengeneza dawa yenye patenti ya mtu, unahitaji leseni: ama kutoka kwake, ama serikali ikulazimishie njia.

Tarehe 25 Aprili 2008, Tribunal ikaamua: Cosmos walikuwa wamekiuka patenti. Pfizer wakashinda.

Soma hapo tena pole pole. Mwaka 2006 hadi 2008. Karibu miaka miwili ya swali moja: hii dawa ni ya nani? Na angalia venye sheria imekaa vichekesho: msee wa kuagiza jeneriki kutoka nje kihalali ana mlango, lakini kiwanda chenye kinaajiri vijana wa Eastlands kikitaka kuitengeneza hapa, lazima kipite kwa leseni. Sisemi Tribunal ilikosea. Ilisoma sheria venye iko. Nasema sheria yenyewe inafaa ikufikirishe.

Kuna njia ingine ambayo haikutumika. Kifungu cha 80 kinampa waziri nguvu ya kuamuru patenti itumike kwa maslahi ya umma. Kalamu ya waziri, si miaka miwili ya maloya. Hiyo kalamu Kenya huitoa mfukoni kama tishio zaidi kuliko kuitumia.

Mchezo wa tarehe unachezwaje

Kama hujawahi kaa kortini Milimani, wacha nikupe picha ya venye kesi hutembea, juu jina la kila hatua linaficha kitu.

Kwanza, mlalamishi anaweka faili. Mshtakiwa anapewa muda wa kujibu. Halafu inakuja siku ya kutajwa, ile maloya huita mention. Hiyo siku hakuna ushahidi. Watu wanasimama, wanasema "tuko tayari" ama "bado tunangoja stakabadhi", jaji anapeana tarehe ingine, watu wanaenda zao. Dakika tano. Kesi inaweza kutajwa mara sita kabla shahidi wa kwanza afungue mdomo.

Halafu kuna siku ya kusikizwa. Kwa kesi ya dawa hii ni ngumu, juu hakuna vile jaji atajua kemia ya hiyo molekyuli. Lazima waje wataalamu wa pande zote, na kila mmoja aandike ripoti, na kila ripoti ijibiwe. Mtaalamu akiwa nje ya nchi, kesi inamngoja. Loya akiwa kwa kesi ingine, inangoja. Jaji akihamishwa, unaanza kuomba tarehe kwa jaji mpya.

Na mshtakiwa naye ana silaha: anaweza kusema hiyo patenti yenyewe haikufaa kupeanwa, kitu hakikuwa kipya. Sheria yetu inapea mtu yeyote mwenye maslahi miezi tisa, kuanzia siku patenti imetangazwa, kuomba Tribunal iifute. Miezi tisa! Swali ni nani husoma jarida la KIPI mwezi kwa mwezi kuangalia patenti gani ya dawa imepita. Kampuni kubwa zinasoma. Mtaa hausomi.

Ukishindwa Tribunal, unakata rufaa High Court. Kalenda inaanza upya.

Sasa katikati ya hizo tarehe zote kuna karatasi moja ndogo ambayo ndio roho ya kesi: agizo la muda. Mlalamishi anaomba korti isimamishe mwenzake kuuza hadi kesi iishe. Hapa Kenya majaji wanatumia kipimo cha kesi ya zamani, Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973. Maswali ni matatu. Una kesi yenye uzito? Ukikataliwa, utapata hasara ambayo pesa haiwezi kurudisha? Na kama jaji bado ana shaka, mizani inaegemea nani?

Hilo swali la tatu ndilo linafaa kukukosesha usingizi. Kwa kesi ya shamba, mizani ni kati ya watu wawili. Kwa kesi ya dawa kuna mtu wa tatu, mgonjwa, na jina lake haliko kwa faili. Jaji akipeana agizo dhidi ya jeneriki leo, bei inapanda leo, hata kama baada ya miaka miwili itaonekana patenti ilikuwa hewa. Hakuna korti itarudisha ile doo ulitoa kwa chemist katikati. Hutakuwa hata na risiti.

Ndio maana sheria zetu zimejaribu kuweka breki. Kanuni za mwenendo wa kesi za madai za 2010, Order 40 rule 6, zinasema agizo la muda linakufa lenyewe baada ya miezi 12 kama kesi haijaisha, isipokuwa korti ione sababu ya kutosha ya kuliongeza. Na Katiba, kifungu cha 159, inasema haki isicheleweshwe. Kwa karatasi tuko fiti. Kazi ni kwa utekelezaji.

Ile kesi ya 2009: watu watatu na kalenda

Sasa njoo kwa kesi kubwa zaidi ya dawa Kenya imewahi kuona. Hii haikuwa Pfizer na nani. Hii walikuwa wananchi dhidi ya serikali.

Bunge lilipitisha Anti-Counterfeit Act mwaka 2008. Lengo lilisikika poa: kumaliza feki. Betri feki, simu feki, dawa feki. Nani atapinga? Lakini ukisoma kifungu cha 2, maana ya "bidhaa ghushi" ilikuwa imeandikwa pana sana, hadi ingeweza kumeza jeneriki halali. Kifungu cha 32 kilifanya kushika hiyo bidhaa kuwa kosa la jinai. Cha 34 kikapea watu wa forodha nguvu ya kuizuia mpakani.

Weka hizo tatu pamoja. Kontena ya dawa za kupunguza makali ya HIV inaingia Mombasa kutoka India. Mtu mwenye patenti analalamika. Forodha inashika mzigo. Dawa ina tarehe ya kuisha. Mgonjwa ana tarehe ya kurudi kliniki. Na kesi ina tarehe ya kutajwa. Hizo tarehe tatu haziwezi kukaa meza moja.

Na hii haikuwa ndoto ya wanaharakati. Desemba 2008, Uholanzi ilizuia mzigo wa losartan, dawa ya presha, ukitoka India kuelekea Brazil. Dawa halali ilikotoka, halali inakoenda, ikakwama katikati.

Sheria yetu ilianza kufanya kazi Julai 2009. Mwezi huo huo, Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili, watu wanaoishi na HIV, wakaingia High Court na ombi namba 409 la 2009. Walisema kitu simple: hizi dawa ndizo zinatuweka hai, na ukizuia jeneriki umetuua.

Fuata tarehe sasa, juu hapa ndipo somo liko.

Julai 2009 hadi Aprili 2010: miezi tisa bila kinga. Sheria iko, dawa zinaingia kwa bahati.

Tarehe 23 Aprili 2010: Jaji Wendoh anapeana agizo la muda. Hivyo vifungu visitumike dhidi ya jeneriki hadi kesi iamuliwe.

Tarehe 27 Agosti 2010: Katiba mpya inazinduliwa. Kesi ilikuwa imeanza chini ya katiba ya zamani, ambayo haikuwa na neno la maana kuhusu afya. Ghafla kuna kifungu cha 43, haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya. Kesi ikiwa bado kwa foleni, silaha mpya imeletwa.

Tarehe 20 Aprili 2012: Jaji Mumbi Ngugi anasoma hukumu. Vifungu vya 2, 32 na 34, kwa kadiri vinavyogusa upatikanaji wa dawa za bei nafuu zikiwemo jeneriki, vinavunja haki ya maisha, ya utu na ya afya. Serikali ikaambiwa iangalie upya kifungu cha 2. Haki ya kuishi ikawekwa juu ya haki ya kumiliki wazo.

Kutoka agizo hadi hukumu ni miaka miwili kasoro siku tatu. Kesi ilichelewa, ndiyo. Lakini ilichelewa wagonjwa wakiwa wameshikilia agizo. Hiyo ndiyo tofauti yote. Badilisha kitu kimoja tu, useme jaji angekataa agizo Aprili 2010, na hiyo miaka miwili ingekuwa miaka ya mizigo kukwama. Hukumu ya 2012 ingekuja na maneno yale yale matamu, lakini kuna watu hawangekuwa hapa kuisoma.

Kwa hivyo mtu akikuambia "korti Kenya ni slow," muulize swali la pili: slow kwa faida ya nani?

Wenzetu wanafanyaje

Marekani wameandika kalenda yenyewe ndani ya sheria. Ni sheria ya 1984, inaitwa Hatch-Waxman. Kampuni ya jeneriki ikitangaza kwamba patenti ya mwenzake haishiki, mwenye patenti ana siku 45 za kushtaki. Akishtaki ndani ya hizo siku, serikali inasimamisha idhini ya jeneriki kwa miezi 30, isipokuwa kesi iishe mapema. Hakuna kubishana na jaji kuhusu mizani. Kushtaki tu, unapata miezi 30. Na jeneriki wa kwanza kupinga patenti naye anapata zawadi, siku 180 za kuuza peke yake kabla jeneriki zingine ziingie. Kule tarehe ni bidhaa, inanunuliwa na kuuzwa.

Hii ni muhimu kwako juu kila mara nchi yetu inapokaa mezani kujadili biashara na mataifa makubwa, sheria za aina hiyo huweza kuletwa kwenye menyu. Siku utasikia mkataba wa biashara unaongelea "ulinzi wa ubunifu", jua inaweza kuwa kalenda ya dawa yako.

Afrika Kusini wana stori tamu zaidi. Mwaka 1998 kampuni za dawa zilishtaki serikali ya Mandela kwa sababu ya sheria ya 1997 iliyofungua njia ya dawa za bei ya chini. Kwa miaka mitatu kesi ilikaa, na sheria ikakaa bila kutumika. Hapo pia, kuchelewa kulikuwa na mwenyewe. Machi 2001 kesi ikaanza kusikizwa Pretoria. Wanaharakati wa TAC wakaomba kuingia kama marafiki wa mahakama, wakakubaliwa, na kesi ikaahirishwa hadi Aprili ili kampuni zijibu. Hizo wiki chache zilitosha dunia nzima kuanza kuuliza maswali. Tarehe 19 Aprili 2001, kampuni 39 zikaondoa kesi zenyewe.

Mwaka huo huo ndio Kenya ilipitisha Industrial Property Act na ule mlango wa 58(2). Na usidhani ulikaa wazi bila vita: mwaka 2002 mlango ulirekebishwa kimya kimya ndani ya sheria ya marekebisho madogo madogo, ikawekwa kwamba lazima mwenye patenti akubali. Watu waligundua, wakapiga kelele, ikarudishwa. Mistari michache tu kwa karatasi ndefu. Ndio maana mtu lazima asome.

Sindano mpya, mchezo ule ule

Unaweza kusema hiyo ni historia, buda, mimi nilikuwa class three. Sawa. Tuongee ya leo.

Kuna sindano inaitwa lenacapavir, ya kuzuia HIV. Unadungwa mara mbili tu kwa mwaka. Marekani waliidhinisha Juni 2025, na bei ya huko ni dola 28,218 kwa mwaka. Piga hesabu: ni zaidi ya shilingi milioni 3.6. Hiyo si bei ya dawa, hiyo ni ploti.

Lakini Oktoba 2024 Gilead, wenye patenti, walipeana leseni kwa kampuni sita za jeneriki zitengenezee nchi 120, Kenya ikiwemo. Septemba 2025 ikatangazwa kwamba jeneriki zitauzwa kwa karibu dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Hiyo ni kama shilingi 5,200. Kitu moja, bei mbili, na tofauti kubwa ni ruhusa.

Poa, si ndio? Poa kabisa. Ila angalia mambo mawili. Kwanza, kwa hizo kampuni sita hakuna ya Kenya. Tunapata dawa, hatupati kazi ya kuitengeneza. Pili, nani alichora hiyo orodha ya nchi? Mwenye patenti. Brazil hawako, Argentina hawako. Leseni ya hiari inaruka korti, hakuna mention, hakuna kungoja, lakini kalenda inashikwa na mkono mmoja.

Kifua kikuu nacho kina somo lake. Bedaquiline, dawa ya TB sugu, patenti yake kuu iliisha Julai 2023. Johnson & Johnson walikuwa na patenti za ziada za kuongeza miaka. Kule India, wanawake wawili waliowahi kuugua TB sugu, Nandita Venkatesan na Phumeza Tisile, walikuwa wamepinga patenti moja ya hizo kwa ofisi ya patenti, na Machi 2023 maombi ya kampuni yakakataliwa. Septemba mwaka huo kampuni ikasema haitatumia patenti zake za hii dawa kwa nchi 134. Wagonjwa wawili, pingamizi moja, na muda muafaka. Eastlands tunajua TB ni nini. Ukikaa watu sita kwa keja moja, hiyo si stori ya mbali.

Na kuna sababu ingine ya haraka. Tangu Januari 2025, Marekani ilipositisha misaada yake, kila mtu amejua kwamba ile dawa ya bure kliniki haikuwa bure. Kuna mtu alikuwa analipa. Akiondoka, bei inakuwa swali la bajeti yetu, na bajeti yetu inajua jeneriki ni nini vizuri sana.

Upande wa pili usikizwe pia

Tuwe fair. Kampuni inayovumbua dawa inamwaga pesa kwa miaka, na dawa nyingi hufeli njiani. Kama kila mtu anaweza kunakili siku ya pili, nani atatafuta dawa ya kesho? Hiyo hoja si upuzi, na hata Jaji Ngugi hakusema patenti zifutwe. Pfizer kushinda Tribunal 2008 ni ushahidi kwamba hata sisi tunaheshimu karatasi ya mtu.

Lakini kulinda uvumbuzi kwa miaka 20 ni kitu kimoja, na kuongeza miaka kwa kutumia foleni ya korti ni kitu ingine. Ya kwanza Bunge liliamua. Ya pili hakuna mtu alipigia kura.

Sasa wewe ufanye nini

Kitu ya kwanza, kwa chemist, jifunze jina la kiungo, si jina la pakiti. Uliza jeneriki. Uliza kama imeandikishwa. Ikikaa wazimu, bei ya kutupa na pakiti imefutika, hiyo ni feki, achana nayo. Usiogope jeneriki juu mtu amekuambia "hiyo si original".

Ya pili, kesi ikitajwa kwa habari, usiulize tu nani alishinda. Uliza: kuna agizo la muda? Lilipeanwa kwa nani? Linaisha lini? Tarehe ingine ni gani? Orodha za kesi za siku huwekwa wazi na Mahakama, na hukumu zinasomwa bure kwa mtandao wa Kenya Law. Hukumu ya Asero iko pale. Isome, imeandikwa na mtu anayejua kuandika.

Ya tatu, kwa wale mko campus mnasomea sheria ama famasia, na najua mko wengi mtaani: ile miezi tisa ya kupinga patenti ni yenu. Mbogi ya watu watano ikigawana jarida la KIPI kila mwezi, tayari ni macho yenye mtaa haujawahi kuwa nayo. Kule India kulikuwa na wagonjwa wawili waliopeleka pingamizi.

Na kwa Mahakama na Bunge, swali letu ni moja. Kesi ya uchaguzi wa rais huamuliwa ndani ya siku 14, juu Katiba iliona nchi haiwezi kungoja. Mtu anayemeza tembe kila siku saa mbili usiku naye anaweza kungoja ngapi? Kesi inayogusa dawa muhimu inafaa kuwa na siku zake, zimeandikwa, zinajulikana, na mgonjwa awe na kiti mbele ya jaji kabla agizo lolote la muda halijatoka.

Wewe unaonaje? Siku ngapi zinatosha? Tag yule msee wako wa sheria aliyepotea tangu aapishwe, mwambie mtaa una kazi yake.